Kuishi Fukuoka: ya kujua kabla hujapanda ndege

Kila majina ya waliopata ufadhili wa serikali ya Japani yanapotoka, simu yangu haipoi. Vijana wanauliza baridi ikoje, na chakula je. Sijaulizwa hata siku moja kuhusu dalali wa nyumba, bima ya afya, wala namna jina lako litakavyoandikwa benki, na hayo ndiyo yanayomtoa mtu machozi miezi ya mwanzo. Habari ya watu pia hawaulizi, kwa sababu kila mmoja ameshasikia kwamba Wajapani ni wapole, wana adabu, hawana maneno mengi. Ni kweli tupu. Lakini upole ule una njia zake. Mtu aliyelelewa Tanga kama mimi, ambako mgeni anakaribishwa kwa sauti tangu mlangoni, anaweza kukaa Japani muda mrefu akiamini hatakiwi, kumbe watu wanamtunza kila siku kwa namna ambayo hajajifunza kuitambua. Nataka atakayekwenda baada yangu aitambue mapema.

Nilifika Fukuoka mwishoni mwa Septemba 2022 kusoma shahada ya uzamili ya mambo ya uvuvi. Fukuoka ndio mji mkubwa kuliko yote katika kisiwa cha Kyushu, na uko karibu zaidi na Busan ya Korea Kusini kuliko Tokyo. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inafunguka baada ya korona. Watalii wanaosafiri wenyewe waliruhusiwa tena tarehe 11 Oktoba, mimi nikiwa nimeshafika. Kila mtu barakoa usoni, hata barabarani alipo peke yake. Wenzangu wa maabara niliwajua kwa macho na sauti tu. Serikali ilipotangaza kwamba kuanzia tarehe 13 Machi 2023 kuvaa ni hiari ya mtu, wengi waliendelea kuvaa vilevile. Upweke wangu wa mwanzo ulichangiwa sana na hilo: unamsalimia mtu, huoni kama amecheka au amenuna.

Nianze na pesa. Ufadhili wa Wizara ya Elimu ya Japani kwa mwanafunzi wa uzamili ulikuwa yeni 144,000 kwa mwezi, na baadhi ya miji huongezewa 2,000 au 3,000. Yeni moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 16 za Tanzania. Ukipiga hesabu ukiwa nyumbani unaona zaidi ya milioni mbili kila mwezi na unaanza kuahidi watu. Usiahidi. Malipo ya kwanza hayakusubiri uwanja wa ndege. Mpaka usajiliwe, ufungue akaunti na utie saini chuoni, mwezi umeshakwisha. Maelekezo ya ufadhili yenyewe yanashauri uende na kama dola 2,000 za kuanzia maisha. Nyumbani tulichanga, nikaondoka na nusu ya hapo, maana ndicho kilichopatikana, na wiki za kwanza nilikuwa nahesabu sarafu kabla ya kuingia dukani. Juu ya hayo, Oktoba ile yeni ilishuka hadi ikapita 150 kwa dola moja, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1990. Mwenye kutuma pesa nyumbani alikuwa analipwa kilekile, ila kinachofika Tanga kimepungua.

Kadi ya ukaazi unapewa uwanja wa ndege unapoingia. Ndani ya siku 14 tangu upate mahali pa kuishi, lazima uende ofisi ya wilaya ya mji wako wakuandikie anwani nyuma ya kadi. Bila anwani ile hakuna bima, hakuna akaunti, hakuna simu. Halafu unakutana na mduara: benki inataka namba ya simu ya Japani, kampuni ya simu inataka akaunti ya benki. Benki nyingi pia zinambana mgeni ambaye hajatimiza miezi sita nchini. Wengi wetu tulijinasua kupitia benki ya posta, na laini ya kulipia kabla yenye namba, tukisindikizwa na mwanafunzi ambaye chuo kinampa kazi ya kumsaidia mgeni. Kama chuo chako kina utaratibu huo, uombe kabla hujafika.

Jina lilinisumbua kuliko yote. Sisi tuna majina matatu. Fomu ya Kijapani inataka mawili, la ukoo na lako. Tena yanaandikwa kwa katakana, herufi wanazotumia kwa maneno ya kigeni, na kila ofisi inasikia jina lako kwa sikio lake. Langu liliandikwa hivi kwenye bima, vile benki, na siku pesa ilipotakiwa kuingia, ikarudishwa kwa kuwa majina hayafanani. Keti na Mjapani mmoja siku ya kwanza, mkubaliane jina lako litaandikwaje, liweke kwenye kikaratasi ndani ya pochi, na kila dirisha utakalofika ukitoe. Usikubali lingine.

Bima ya taifa ya afya ni lazima kwa anayekaa zaidi ya miezi mitatu, na ina faida ya wazi: hospitali unalipa asilimia 30, bima inabeba 70. Mwanafunzi asiye na kipato hupunguziwa ada, mradi ajaze tamko la kipato. Pensheni nayo inamhusu kila mkazi wa miaka 20 hadi 59, mgeni kwa mwenyeji, na mwaka ule ilikuwa zaidi ya yeni 16,000 kwa mwezi. Ile bahasha nene yenye karatasi za kulipia imewanyima watu usingizi. Usiitupe, wala usilipe kwa hofu. Nenda ofisini uombe utaratibu wa wanafunzi wa kuahirisha malipo. Mama aliyenihudumia dirishani hakujua Kiingereza, na Kijapani changu kilikuwa cha salamu. Alichukua fomu tupu ya pili, akaijaza yote kwa penseli kama mfano, akaigeuza inielekee, akaiweka sambamba na yangu. Kisha akakaa kimya mpaka nikamaliza kunakili, foleni ikiwa nyuma yangu. Sikumsikia akivuta pumzi hata mara moja.

Hosteli ya chuo ilikuwa ya mwaka mmoja. Baada ya hapo kila mtu ajitafutie, na hapo ndipo nilipouona upande mgumu wa nchi ile. Dalali alikuwa kijana wa suti nyeusi, mchangamfu kwa kiasi chao, na mbele yake rundo la karatasi za nyumba. Anachukua karatasi, anampigia mwenye nyumba. Kufikia wakati huo nilishaelewa Kijapani cha kutosha kusikia anachosema: mteja ni mwanafunzi, anatoka nje, Kijapani anaongea kidogo. Kimya. Kijana anainamia simu kana kwamba mwenye nyumba anamwona, anashukuru, anaigeuza karatasi kifudifudi pembeni. Anachukua nyingine. Zile zilizolala kifudifudi ziliongezeka mpaka zikawa nyingi kuliko zilizobaki, na kila mara aliniomba radhi mimi. Niliumia, na siwezi kukuambia nilizoea. Wengine wanakataa kwa kuhofia takataka na kelele, wengine kwa kuhofia mpangaji ataondoka nchini bila kulipa, na wewe hupati nafasi ya kujieleza, kwa kuwa hukuulizwa.

Kilichonisaidia ni ushirika wa chuo, ambao una wenye nyumba waliozoea wanafunzi wa kigeni. Anzia hapo, usianzie mtaani. Nyumba niliyopata kodi yake ilikuwa yeni 33,000, chumba kimoja na kisehemu cha kupikia pembeni ya mlango, lakini kabla sijashika ufunguo nilikuwa nimelipa zaidi ya 170,000. Kuna dhamana ya mwezi mmoja. Kuna pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba, mwezi mwingine, na hiyo hairudi kamwe. Kuna ya dalali, ya kampuni inayokudhamini, ya bima ya moto, ya kubadilisha kitasa, na kodi ya mwezi wa kwanza. Siku hizi nyumba zisizo na dhamana wala shukrani zipo nyingi. Mwambie dalali tangu mwanzo kwamba unataka hizo, na uulize jumla ya kuingilia badala ya kodi ya mwezi. Siku ya kuingia piga picha kila mkwaruzo wa ukuta na sakafu.

Na ujue unakabidhiwa nyumba tupu kabisa. Taa hakuna, yaani hata ya darini, pazia hakuna, jiko hakuna. Gesi haifunguliwi mpaka uweke miadi na fundi aje wewe ukiwepo, kwa hiyo ukiingia Ijumaa jioni bila kupanga, utaoga maji ya baridi hadi Jumatatu. Vyombo usinunue vipya. Machi na Septemba wanafunzi wanaoondoka hugawa friji, mashine za kufulia na magodoro bure, kwa sababu kuvitupa kunagharimu.

Takataka zinastahili maelezo, maana ndizo zinazokutambulisha kwa majirani. Kila mji una sheria zake, na za Fukuoka hazifanani na za Tokyo. Fukuoka takataka zinatolewa usiku, baada ya jua kuzama na kabla ya saa sita, na magari yanazoa watu wakiwa wamelala. Mifuko ni ya manispaa na inauzwa madukani: mwekundu wa vinavyoungua, wa bluu wa visivyoungua, wa njano wa chupa. Chupa ya plastiki inavuliwa kizibo na lebo, inasuuzwa. Kijana aliyehamia jirani yetu akitokea mji mwingine alitoa mfuko wake asubuhi, na ukabaki pale umebandikwa karatasi ya onyo, kila mpita njia anauona.

Wiki hiyohiyo bibi wa mlango wa pili alinibishia hodi. Alikuwa ameshika kalenda ya mwaka mzima aliyoichora kwa mkono, kila siku ya kuzoa imepakwa rangi ya mfuko wake kwa penseli za rangi, ndani ya bahasha ya plastiki ili isilowe. Alinipa kwa mikono miwili, akainama, akaondoka. Hakuniuliza jina wala natoka wapi. Nilifunga mlango nikiwa nimekasirika, nikidhani ananisema kwa kosa la mwingine. Baadaye niliitazama vizuri ile kalenda. Miezi kumi na miwili, mistari imepigwa kwa rula, sikukuu zimeandikwa kwa herufi rahisi ambazo mtoto wa darasa la kwanza anasoma. Mzee kama yule, kazi ile haikumchukua chini ya siku nzima.

Nikapika chapati, nikampelekea tatu kwenye sahani yangu ya bluu. Sahani ikarudi kesho yake ina machenza, yamepangwa vizuri na kufunikwa kwa karatasi laini. Pwani kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na mama angenishangaa ningeirudisha yake bila kitu, kwa hiyo nikapeleka maandazi. Ikarudi na viazi vitamu. Tuliendelea hivyo mpaka naondoka, na ndani ya muda wote ule sikumbuki kama tuliwahi kuongea zaidi ya dakika tano mfululizo. Nilipougua homa, mfuko wa matunda ulining'inia kwenye kitasa cha mlango wangu bila jina. Ukihamia nyumba, siku ya kwanza au ya pili, wapelekee majirani wa kulia, kushoto na chini zawadi ndogo, pakiti ya biskuti inatosha, useme jina lako. Ni desturi yao wenyewe, japo vijana wengi wa mjini wameiacha, na inafungua mlango ambao maneno hayaufungui.

Chakula sasa. Fahari ya Fukuoka ni rameni ya Hakata, wilaya moja ya mji huu: tambi kwenye supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa masaa mengi, na harufu yake inakupokea mitaani. Kwa Mwislamu mji unaanza na mtihani. Nguruwe si tabu peke yake. Kuna mirin na sake, pombe za mchele, ndani ya vyakula vinavyoonekana salama kabisa, mafuta ya nguruwe ndani ya mkate, jelatini ndani ya pipi. Jifunze kutambua alama mbili kabla ya nyingine zote, 豚 ya nguruwe na 酒 ya pombe, kisha pakua programu ya simu inayosoma lebo. Msikiti wa Fukuoka uko Hakozaki, umefunguliwa 2009, na kwa wanafunzi ni kama nyumba ya ukoo: Waindonesia, Wamisri, Wabangladeshi, sote tunajuana. Maduka ya halali yanauza nyama, viungo na mchele wa basmati, kwa kuwa mchele wa Kijapani unanata na pilau itakukatalia. Nazi ya kopo inapatikana, bamia ziko kila duka kubwa, tena nao wanaziita okura. Unga wa mahindi niliagiza kwa mtandao, ghali, kwa hiyo ugali ulikuwa wa Jumapili.

Samaki ndio waliniokoa. Siku moja nikisoma lebo ya pweza dukani, amekatwa vipande vyekundu, nikaona anatoka Mauritania. Pweza wengi wanaouzwa Japani wanatoka huko na Morocco. Kwenye rafu ya kahawa nikakuta Kilimanjaro, na kila mzee niliyemwambia natoka Tanzania alilijua jina hilo kwa kuwa analinywa asubuhi. Na tulipofundishwa kusoma Kijapani, nikakumbuka zile Hiace za daladala zenye maandishi ubavuni ambayo hakuna abiria anayeyasoma. Kumbe baadhi ni majina ya shule za chekechea.

Maabara yetu ilikuwa na desturi ya kila anayesafiri kurudi na boksi la vitafunio vya huko alikokwenda, kimoja kimoja kwa kila mtu, kinawekwa juu ya meza yako. Mwanzo nilikuwa napokea, nashukuru, nampa mwingine. Sikumweleza mtu. Baada ya muda nikaona vyangu vinakuja vimebandikwa kikaratasi cha njano chenye mwandiko mdogo sana: hakuna nguruwe, hakuna pombe, jelatini ni ya samaki. Mwenzangu wa meza ya mbele, ambaye tulikuwa hatujawahi kuongea lolote nje ya kazi, alikuwa anasoma nyuma ya kila boksi kabla halijagawiwa, na akikuta hapana, ananitolea biskuti ya mchele kutoka kwenye droo yake. Hakulisema hilo. Niliambiwa na mwingine.

Ndivyo walivyo, na ukisubiri maneno utakosa yote. Chini ya kila meza pale maabara kuna kofia ngumu ya kujikinga na tetemeko. Yangu ilikuwa na jina langu kwa katakana kwenye utepe mweupe siku ya kwanza naingia, kabla hata sijajua kuliandika mwenyewe. Mtu alikaa akafikiria kwamba msichana kutoka Tanzania anakuja, na ardhi ikitikisika kichwa chake kiwe salama. Hilo ndilo karibu lao, na niliipita kofia ile miezi kadhaa bila kuelewa.

Tetemeko lenyewe lichukulie kwa uzito. Fukuoka inahesabiwa kuwa tulivu, lakini tarehe 20 Machi 2005 ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Simu yako italia mlio usioufahamu sekunde chache kabla. Ingia chini ya meza, usikimbilie nje. Jua shule ipi mtaani kwenu ndiyo kimbilio. Tarehe 1 Januari 2024, rasi ya Noto, mbali na sisi, ilipopigwa na tetemeko, nilikuwa mbele ya televisheni nikamsikia mtangazaji, katika nchi ambayo hakuna anayepaza sauti, akiwapigia watu kelele waikimbie tsunami sasa hivi. Usiku ule nilifungasha begi: maji, tochi, nakala ya pasipoti, dawa, pesa taslimu, mtandio wa akiba.

Ndani ya basi na treni watu hawaongei na simu. Mama alikuwa anapiga nikiwa njiani kwenda chuoni, alfajiri kwake. Tukakubaliana ujumbe wa sauti, na mazungumzo marefu Jumamosi. Tofauti ni saa sita, sisi tukiwa nyuma. Kuna jambo jingine la kwenye basi: mara nyingi kiti cha pembeni yangu ndicho kilichobaki kitupu, watu wakiwa wamesimama. Inauma, hasa siku ambayo umeshachoka na hijabu yako imeshatazamwa vya kutosha. Wengine wanaogopa utawasemesha Kiingereza. Wengine sijui. Uende ukijua litakukuta, ili lisikukute ukiwa peke yako bila wa kumwambia.

Saa ni saa. Sherehe kubwa ya Hakata, Yamakasa, ambapo wanaume wanabeba mabegani majukwaa mazito yaliyopambwa wakikimbia mitaani, inafikia kilele chake alfajiri ya tarehe 15 Julai, na ngoma ya kuanza inapigwa saa kumi na dakika 59 kamili, kila mwaka. Kikao cha saa tatu maana yake uwe umekaa dakika tano kabla. Na profesa akiinamisha kichwa pembeni, akavuta hewa kwa meno, akasema ni jambo gumu kidogo, jibu limeshatoka: hapana. Watu wa Pwani hili halitupi tabu, maana na sisi tuna inshallah zetu za namna ileile. Waliohangaika ni wenzetu waliozoea kuambiwa waziwazi. Kwenye tafrija za maabara nenda, kunywa chai, ila uliza mapema mchango ni kiasi gani. Bili hugawanywa sawa, na anayekunywa maji anaweza kujikuta amelipa sawa na aliyekunywa bia tano.

Ramadhani ya 2023 iliangukia msimu wa maua ya sakura, mwishoni mwa Machi. Kila mwaka maabara hutandika mkeka wa plastiki chini ya miti mchana, wanakula na kupiga picha. Mwaka ule tangazo likasema saa kumi na mbili na nusu jioni, bustani ya Maizuru, penye magofu ya ngome ya Fukuoka. Nilikwenda nikidhani ni kwa ajili ya taa zinazowashwa usiku. Chakula kikatandazwa, hakuna aliyegusa. Watu wakawa wanazungumza, wanatazama maua, mmoja anatupia jicho simu yake. Magharibi ilipoingia, yule wa meza ya mbele akanisogezea sahani ya tende na chupa ya maji, kisha ndio wengine wote wakaanza kula. Nilishindwa kuongea. Nililia kidogo, nikasema ni baridi, nao kwa adabu yao wakakubali kwamba ni baridi.

Baridi yenyewe nimeitaja dakika ya mwisho kwa kuwa ni ndogo kuliko sifa zake. Fukuoka theluji ni chache. Tabu ni nyumba, kuta nyembamba, chumba kinapoa kama nje. Nunua blanketi la umeme. Joto la Julai na Agosti ndilo linalomwangusha hata mtu wa Tanga, kwa sababu ya unyevu usioisha hata usiku.

Kwa wanaokwenda bila ufadhili, kupitia shule za lugha, nina ombi moja. Nimewajua walioingia na deni la wakala wa huko nyumbani, wakaambiwa kazi zipo tele. Zipo, lakini mwanafunzi anahitaji kibali, na ni saa 28 kwa wiki tu, isipokuwa likizo ndefu ambapo anaruhusiwa hadi saa nane kwa siku. Ukizidisha, siku ya kuongeza muda wa ukaazi wanaona malipo yako yote na wanaweza kukukatalia. Niliwaona wenzetu wakitoka kiwanda cha vyakula alfajiri, wanalala darasani, ada haitoshi, deni halipungui. Piga hesabu kwa saa 28, na kama haitoshi, usiende kwanza.

Kuondoka nako kuna kazi yake, na wengi hukumbuka wiki ya mwisho. Mwenye nyumba apewe taarifa mwezi mmoja kabla au kadiri mkataba unavyosema. Vitu vikubwa unaviwekea miadi ya kuchukuliwa na kununua stika, na Machi foleni ni ndefu, kwa hiyo piga simu mapema. Ofisi ya wilaya ijulishwe, bima ifungwe na salio lilipwe. Aliyefanya kazi alipe kodi ya mkazi, ambayo inatokana na kipato cha mwaka uliopita, au ateue mtu wa kumlipia. Aliyechangia pensheni miezi sita au zaidi anaweza kudai sehemu yake akiwa ameshatoka nchini, mradi aombe ndani ya miaka miwili. Fomu achukue kabla hajaondoka. Dhamana ya nyumba yangu ilirudi pungufu kwa gharama ya usafi, na ilirudi baada ya mimi kuondoka, akaunti yangu ikiwa imeshafungwa. Iliingia kwa yule wa meza ya mbele, ambaye tulikuwa tumeandikishana mapema kwa dalali, akanitumia yote hadi yeni ya mwisho, na picha ya risiti.